Ubao janja umefungwa darasani, lakini watoto wanatazama tu: nifanyeje?

*Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha hisabati Darasa la Sita katika shule ya msingi, na darasa langu lina wanafunzi 68. Mwaka jana wahitimu wa zamani wa shule yetu walitununulia ubao janja, ile skrini kubwa ya kugusa ya inchi 75, ukafungwa ukutani kando ya ubao wa chaki. Tulipewa mafunzo ya siku moja, na muda mwingi ulikwenda katika kuwasha, kuzima na kubadili rangi ya kalamu. Mwanzoni watoto walishangilia. Sasa wanakaa kimya wakitazama, na majaribio ya kila mwezi hayaonyeshi nafuu yoyote. Kwenye maumbo naona hata wameshuka kidogo. Nikimwita mtoto mmoja aje kugusa, wengine wanapiga soga. Mara nyingine ninapoandika, skrini inachora mistari nisiyoikusudia. Intaneti yetu ni ya kubahatisha na umeme hukatika. Mwalimu mkuu anataka ubao utumike kila kipindi, kwa kuwa wafadhili wanaweza kuja siku yoyote. Je, tatizo ni mimi, ni ubao, au ni watoto? Na je, niachane kabisa na chaki?*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu umefunga maswali manne katika furushi moja: kwa nini watoto wamenyamaza, kwa nini alama hazipandi, kwa nini skrini inajichorea yenyewe, na umjibu nini mwalimu mkuu bila kumkosea adabu. Nianze na lile ambalo naona linakukosesha usingizi. Hukukosea wewe, wala watoto wako hawana ila. Mlikabidhiwa chombo mkafundishwa vitufe vyake, na kujua vitufe vya cherehani hakujamfanya mtu yeyote kuwa fundi wa kushona kanzu.

Wala hamko peke yenu. Mwaka wa masomo wa 2003/04, serikali ya Uingereza iligharimia mbao za aina hii kwa shule za sekondari za London, katika idara za Kiingereza, hisabati na sayansi. Tathmini ya Taasisi ya Elimu ya Chuo Kikuu cha London, iliyochapishwa mwaka 2007, haikuona ongezeko la maana la alama za wanafunzi katika mwaka ule wa kwanza wa idara hizo kuwa na vifaa kamili, na hizo ni shule ambazo umeme haukatiki ovyo. Wapo walioisoma taarifa ile wakasema fedha zimetupwa jalalani. Mimi nimeielewa kwa namna nyingine: mwalimu aliyekuwa akifundisha kwa kueleza na kuonyesha, ukimpa skrini ataeleza na kuonyesha kwa kasi zaidi na kwa rangi zaidi, na mtoto ataendelea kuwa mtazamaji kama alivyokuwa.

Nami yalinikuta. Siku ya kwanza niliyopewa ubao wa namna hii, katika shule ambayo sitaitaja, nilifundisha mzunguko wa damu kwa video iliyosukwa vizuri, moyo ukidunda, damu nyekundu ikitoka na ya zambarau ikirudi, muziki ukipigwa nyuma. Watoto walipiga makofi, nami nilitoka darasani kifua mbele. Wiki iliyofuata niliwagawia karatasi tupu wachore njia ya damu kutoka moyoni hadi kwenye mapafu na kurudi. Wachache sana waliweza kupita hatua ya pili, ingawa mmoja alinikumbusha wimbo wa video ule kwa kuuimba wote.

Kilichonishinda siku ile ndicho kinachokushinda wewe, na kina maelezo yake. Sehemu ya akili inayoshughulikia jambo jipya ina nafasi finyu. Hubeba vitu vichache kwa wakati mmoja, na vinavyoingia kwa kasi husukuma nje vilivyotangulia. Ulipokuwa ukichora pembetatu kwa chaki, mkono wako ulikuwa na mwendo wake: mstari wa kitako, kisha kimo, kisha herufi za pembe, na mtoto alikuwa akikufuata hatua kwa hatua daftarini, akili yake ikipata muda wa kupumua. Ubao janja hutoa umbo zima kwa mguso mmoja. Wewe unaokoa dakika tatu, na yeye anapoteza dakika zile zile tatu alizokuwa akizitumia kufikiri. Isitoshe, anayetazama kitu kilichokwisha pangwa vizuri hujiona amekielewa, kwa sababu kila hatua inaonekana ya wazi ikishakuwa mbele ya macho. Kuelewa kwa kweli hujulikana pale anapotakiwa kukitoa mwenyewe kichwani, skrini ikiwa imezimwa. Hapo ndipo majaribio yako ya kila mwezi yanapowaumbua.

Sasa niseme juu ya yule mtoto mmoja unayemwita aguse. Wauzaji huuita huo ushiriki wa wanafunzi, nami sikubaliani nao. Ukimpa kila mtoto dakika moja tu mbele ya skrini, utahitaji dakika 68, yaani karibu vipindi viwili vya dakika 40, na katika kila dakika moja kuna watoto 67 wasio na kazi. Kwa nini wasipige soga? Ubao huwa shirikishi pale ambapo swali lililo juu yake linawalazimisha wote 68 kuamua jambo na kulionyesha. Kidole kinachogusa kioo kinaweza kuwa chako wewe peke yako kipindi kizima, na somo likawa shirikishi kuliko darasa lenye foleni ya watoto mbele.

Nikuonyeshe kwa somo lenyewe lililokusumbua. Chukua eneo la pembetatu. Watoto wako wanaijua kanuni, nusu ya kitako mara kimo, na wengi wanaiimba bila kujua kimo ni kitu gani. Pakua GeoGebra, programu ya kuchora maumbo ya hisabati yanayoweza kusogezwa, ambayo haitozwi fedha kwa matumizi ya darasani na ikishawekwa kwenye kompyuta au kwenye ubao wenyewe hufanya kazi bila intaneti. Kwenye miraba yake chora kitako cha vipimo 8, na kimo cha vipimo 5. Chora pia mstari unaopita kwenye ncha ya juu ukiwa sambamba na kitako, kisha ifunge ncha hiyo iweze kuteleza juu ya mstari huo tu. Usionyeshe eneo bado, lifiche.

Kabla ya kugusa chochote, uliza: nikiivuta ncha hii kulia hadi mwisho kabisa wa skrini, pembetatu ikalala kama mti uliopigwa na upepo, eneo lake litaongezeka, litapungua, au litabaki lile lile? Kila mtoto aandike herufi moja kwenye kibao chake: K kwa kuongezeka, P kwa kupungua, S kwa sawa. Kibao kinaweza kuwa karatasi nyeupe iliyotiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaofutika, au kipande cha boksi na chaki. Ukihesabu hadi tatu, wote wainue. Ninakuhakikishia utaona K nyingi, kwa sababu mbavu za pembetatu zinarefuka machoni na watoto wa umri huu huchanganya mzingo na eneo. Hilo ni kosa zuri. Kumwita mtoto mmoja mbele kusingekuonyesha jinsi lilivyoenea, ila sasa umeliona kwa mtazamo mmoja. Usilisahihishe. Waambie kila mmoja ajadiliane na jirani aliyeandika herufi tofauti, dakika mbili, kisha wainue tena.

Ndipo uvute ncha, polepole, kimya, bila maelezo. Simama katikati ya njia, uliza kitako kimebadilika? Kimo je? Waache wahesabu miraba. Mwishowe lifunue eneo: 20, 20, 20, popote ncha ilipo. Baada ya hapo izime skrini, au shusha lile pazia jeusi ambalo programu nyingi za ubao zinalo, na waamuru wachore daftarini pembetatu tatu zisizofanana, zote zikiwa na eneo la 20, kila mmoja akiandika sentensi moja kueleza kwa nini. Ubao ulifanya kazi kwa dakika nane, pengine kumi. Zilizobaki zilikuwa za vichwa vya watoto na madaftari yao. Angalia pia kwamba sehemu ambayo chaki isingeiweza ni moja tu, ule mwendo wa ncha, na ndiyo sehemu pekee tuliyoihitaji skrini.

Kutokana na mfano huo unaweza kujipimia kila somo. Jiulize: kuna nini hapa ambacho chaki haiwezi? Kitu kinachosogea na kubadilika mbele ya macho, kama pembetatu ile au kivuli cha jua kinavyozunguka. Picha halisi ambayo huwezi kuichora. Na kumbukumbu, maana ubao janja hauhitaji dasta. Hilo la mwisho walimu wengi hulisahau, nami nalihesabu kuwa na faida kuliko video zote. Hifadhi ukurasa wa leo, pamoja na makosa yake, na uufungue kesho kwa swali: jana tulikwama wapi? Ukiwa na kimojawapo cha vile vishikwambi vilivyogawiwa kwa walimu baada ya Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022, au simu yako tu, piga picha kazi ya mwanafunzi iliyokosewa, lifiche jina, ikuze kwenye skrini, na uwaombe wenzake watafute mstari ambapo njia ilipotea. Mwandiko hutambulika, kwa hiyo ni vizuri kutumia kazi ya mkondo mwingine au ya mwaka uliopita. Mtoto aliyechekwa mara moja mbele ya wenzake 67 hainui kibao tena.

Kama jibu la swali lako la kipimo ni kwamba chaki inatosha, tumia chaki, na ubaki na amani. Hesabu ndefu ya kugawanya, kwa mfano, huandikwa vizuri zaidi kwenye ubao mpana. Skrini ya inchi 75 ina upana wa sentimita 166 hivi na kimo cha sentimita 93, yaani ni ndogo kuliko ubao wa chaki ulio kando yake. Hilo linagusa pia watoto wa nyuma. Kaa mwenyewe kwenye dawati la mwisho, mchana, madirisha yakiwa wazi, ujaribu kusoma. Katika darasa la mita 9, herufi yenye kimo cha sentimita 4 ndiyo ningeiita ya kustahi macho, na hapo skrini yako inabeba mistari kumi au kumi na mmoja tu. Kila unapobandika ukurasa wa kitabu mzima, ujue kwamba nusu ya darasa wanaona msururu wa sisimizi tu. Kama mwanga wa dirisha unagonga kioo, pazia la kitenge kizito linatosha. Na mtoto anayekunja macho hata akihamishwa mbele, zungumza na wazazi wake wampeleke akapimwe macho hospitalini.

Kuhusu ukimya baada ya swali, kuna jambo dogo lisilohitaji umeme. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri sekunde moja hivi baada ya kuuliza kabla ya kumchagua mtu au kujijibu wenyewe, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu huwa marefu na wanaojitolea huongezeka. Ubao janja huzidisha tabia hiyo ya haraka, kwa kuwa jibu liko mbali na kidole chako kwa mguso mmoja tu. Mimi nilijizoeza kuweka mkono wa kulia nyuma ya mgongo kila nilipouliza swali. Wanafunzi wangu walidhani ni maringo ya uzee.

Nije kwenye mistari inayojichora. Skrini nyingi za ukubwa wa kwako hazihisi kidole kama simu inavyohisi. Ndani ya ule ukingo mweusi wa fremu kuna safu za vijitaa vinavyotoa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, na upande unaoelekea kuna vipokezi vyake. Miale hiyo hukatizana juu ya kioo, ya mlalo na ya wima, kama nyuzi za chandarua, na kitu chochote kinachokata nyuzi hizo huhesabiwa kuwa kidole: mkono wa shati uliolegea, ncha ya ushungi, kiganja ulichokiegemeza, hata nzi. Kunja mikono ya shati hadi kwenye kiwiko, andika ukiwa umekiinua kiganja, na uone kama mistari itapungua. Kisha mtazame adui mwingine, vumbi la chaki, maana umesema ubao wa chaki uko jirani. Unga wake hutulia kwenye ukingo wa chini wa fremu na kuziba vijitaa. Kila asubuhi, skrini ikiwa imezimwa, pitisha kitambaa laini chenye unyevu kidogo sana pande zote nne za ukingo, na dasta ya chaki ikung'utwe nje, mbali na mlango. Jua linaloingia moja kwa moja juu ya kioo nalo huvichanganya vipokezi. Iwapo alama inatokea mbali na kidole kila mara, kwa umbali ule ule, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kusawazisha mguso na ufuate alama za msalaba unazoonyeshwa.

Intaneti isikuumize kichwa. Chochote unachotaka kuonyesha kipakue mapema kwenye flashi, mahali penye mtandao mzuri. Mbali na GeoGebra, majaribio ya sayansi na hisabati ya kuigizwa kwenye kompyuta, yaitwayo PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, hayalipishwi. Mengi yake hupakuliwa yakatumika bila mtandao, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Yale ya sehemu na ya umeme yatawafaa Darasa la Sita. Umeme ni habari nyingine. Andalio la somo liwe na mstari mmoja unaosema nitafanya nini skrini ikizimika sasa hivi, na watoto wasione ukihangaika. Pembetatu ya utepe wa mpira unaovutika, misumari miwili na mtoto mmoja anayeivuta ncha juu ya mstari sambamba na kitako hutoa wazo lile lile. Umeme unaporudi kwa kishindo huweza kuunguza kifaa, hivyo chomoa plagi unapokatika, na uishawishi kamati ya shule inunue stabilaiza kabla ya kununua programu yoyote.

Yapo mambo ambayo sitaki uyafanyie kazi kwa kusoma maneno yangu. Ukigusa fremu ya chuma ukahisi mtekenyo wa umeme, hata mdogo, zima kwenye swichi ya ukutani siku hiyo hiyo na usiruhusu mtoto aguse hadi fundi umeme mwenye leseni akague waya wa ardhi wa jengo. Skrini ya ukubwa huo ina uzito wa kilo 50 au zaidi. Ukiona nyufa ukutani kwenye misumari yake, au imeinama, wahamishe watoto wa dawati la mbele na uite aliyeifunga. Usifungue kifuniko cha nyuma, hata kama una kijana hodari wa redio mtaani. Na ikiwa darasani kuna mtoto mwenye kifafa, muulize mzazi na daktari wake kuhusu picha zinazowaka na kuzima haraka haraka kabla hujaonyesha video yoyote ya namna hiyo.

Kwa upande wa ufundishaji wenyewe, msaada bora zaidi hauko katika maandishi ya mtu aliye mbali. Mwombe mwenzako unayemwamini akae nyuma kipindi kimoja, asiandike sifa wala lawama, ahesabu vitu viwili tu: watoto wangapi walijibu jambo kwa kuandika au kwa kusema, na ni dakika ngapi walikuwa wakitazama bila kazi. Wiki inayofuata nawe umfanyie hivyo. Hapo mtagawana pia mzigo wa maandalizi, maana somo zuri la skrini hula saa moja na zaidi kuliandaa, na mwalimu mwenye vipindi vingi hawezi kuandaa la kila siku. Mawili kwa wiki yanatosha. Ukiyahifadhi, mwaka ujao utakuwa na ghala.

Sasa mwalimu mkuu. Ninamwelewa, fedha za watu zimetumika na yeye ndiye atakayeulizwa. Ila skrini inayowaka kila kipindi humridhisha mgeni kwa dakika tano, na mdhibiti ubora wa shule atakayefungua madaftari ataona ukweli. Usibishane naye ofisini. Mkaribishe kwa heshima kwenye kipindi cha pembetatu, mpe nafasi kwenye dawati la mwisho kabisa, mkabidhi kibao na chaki kama watoto, na utakapouliza kama eneo litaongezeka, litapungua au litabaki sawa, mwombe naye aandike herufi yake na kuiinua.